Mzigo Ubebwe na Baiskeli

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Hongera kwa kazi mpya. Umeniuliza ununue begi gani kwa kuwa umeamua kwenda kazini kwa baiskeli, kutoka Kimara mpaka Posta huko Dar es Salaam. Jibu langu ni fupi, ila nataka uzielewe sababu zake: usinunue begi la mgongoni. Nunua linaloning'inia kwenye keria, ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Kazi ya kubeba ni ya baiskeli. Yako ni kuiendesha.

Watazame wanaoishi kwa baiskeli. Muuza mkaa hufunga magunia kwenye keria. Muuza samaki hukaza tenga lake hapohapo kwa mpira wa tyubu. Mchuuzi wa maji hupanga madumu ya lita 20, kila moja na kilo zake 20, pande zote mbili za gurudumu. Hutamwona hata mmoja akikanyaga pedeli huku riziki yake ikiwa mgongoni, na sababu ni wazi. Uzito uliokaa chini hauivurugi baiskeli sana, lakini uliopanda mabegani huyumba kila unapokata kona au kukwepa shimo. Kwenye njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro, ambako unagawana nafasi na waenda kwa miguu, wachuuzi na bodaboda, kukwepa ni jambo la kila dakika. Tena uzito wa mgongoni haupotei: unashuka mpaka kwenye siti, na kwa kuwa umeinama, sehemu yake inaishia kwenye viganja vilivyoshika usukani. Ongeza na joto la Dar es Salaam. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na hewa ya pwani tayari imejaa unyevu. Begi likikuganda mgongoni, jasho halipati pa kukaukia, nawe utaingia ofisini blauzi imelowa.

Najua utakayoambiwa. La kwanza ni kuhusu kompyuta: kwamba mgongo huilinda na mitikisiko kuliko keria ya chuma. Hoja hii ina ukweli, kwa sababu mwili hupokea mshtuko kabla haujafika kwenye begi. Lakini ukianguka, kompyuta iliyo mgongoni inaweza kuwa kati yako na lami. Mtikisiko una dawa nyepesi: iweke kompyuta kwenye ala yenye sponji, kisha kanga iliyokunjwa chini yake ili isigonge kitako cha begi, na usizijaze tairi upepo kupita kiasi. La pili ni wizi, kwamba begi la keria litaibwa ukiegesha. Ndiyo maana nasema ununue la kuning'iniza kwa kulabu, lenye mshipi wa begani, ulichomoe na kuingia nalo ndani. Lisilochomoka haraka litakuchosha, na siku moja utaliacha nje. La tatu ni bei. Huna haja ya begi la kuagiza ng'ambo. Mafundi wanaoshona maturubai na viti vya bodaboda wana kitambaa, cherehani na ujuzi. Wapelekee vipimo vya keria yako na kulabu imara.

Ukifika kwa fundi au dukani, kagua mambo mawili kwa makini. La kwanza ni mdomo wa begi. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hazitakusubiri ufike, na maji hupenya kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano hata kama turubai lenyewe halivuji. Chagua mdomo unaokunjwa mara tatu na kufungwa kwa kifungo, na mishono iliyozibwa kwa gundi. Zamani ungetia vitu kwenye rambo kwanza, lakini mifuko ile ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo begi lenyewe lazima lizuie maji. Na maji ya Mto Msimbazi yakifurika Jangwani, usivuke kabisa. Hakuna begi la kukukinga na mafuriko. La pili ni jinsi linavyokaa. Lisogeze nyuma kiasi kwamba kisigino hakiligusi unapozungusha pedeli. Kitako chake kishikwe kwenye chuma cha keria, kisipeperuke kuelekea kwenye spoku. Ncha ya kila mshipi ichomekwe ndani, kwa maana kamba inayoning'inia ikinaswa na spoku, gurudumu linaweza kukwama ghafla.

Kama ni begi moja, litundike upande wa kushoto, kwa kuwa magari yatakupita kuliani. Baiskeli itaelemea kidogo, lakini kompyuta, chakula cha mchana na viatu vya ofisini ni uzito utakaouzoea upesi. Stendi ya mguu mmoja nayo huwa kushoto, hivyo egemeza baiskeli ukutani kwanza ndipo utundike, la sivyo itaanguka. Soma pia kiwango kilichoandikwa kwenye keria. Nyingi za kisasa huishia kilo 25. Na siku unayobeba simu na pochi tu, mkoba mdogo wa kiunoni unatosha.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji atakayekusifia begi la mgongoni hatapita nalo Ubungo saa moja asubuhi. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba ulitundike, ulijaze uzito wa siku yako ya kawaida, uendeshe mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kisigino kikiligusa au kulabu zikicheza, liache ukatafute jingine.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.