Wametupandishia Muziki

Ijumaa iliyopita nilipandishiwa muziki kanisani, na mpaka leo sijapoa.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tunalosali hapa Reading, mimi na Baba Neema. Kila meza ilikuwa ya watu wawili, mshumaa katikati, lasanya kwenye sahani, kijitabu na kalamu kila mtu na vyake. Ni ile kozi ya ndoa iliyoanzia Holy Trinity Brompton, London, mwaka 1996, ya mchungaji Nicky Lee na mkewe Sila, ambayo sasa imesambaa nchi nyingi. Mnakula, mnatazama video, halafu mnaachwa mzungumze wenyewe. Hakuna kunyoosha mkono, hakuna ushuhuda, hakuna atakayekuuliza mambo yenu. Na ili meza ya jirani isisikie, wanawasha muziki.

Sasa mimi nimekulia Njombe, kwenye nyumba ambayo ukitaka chumvi unapaza sauti. Nilipoanza kueleza yangu, mama mmoja mwenyeji wetu akanyanyuka polepole, akaenda kwenye spika, akaongeza. Kisha akanitabasamia kwa upole kabisa. Baba Neema alicheka mpaka akapaliwa.

Tulifikaje pale? Wenzangu wa huku mnajua. Viza ni yangu, yeye alikuja kama tegemezi. Dar alikuwa mkuu wa idara, ana ufunguo wa ofisi na mtu wa kumletea chai. Hapa anapanga maboksi ghalani usiku, mimi nahudumia wazee mchana, tunapishana mlangoni mmoja akivua koti mwingine akivaa. Kilichobaki cha kuongea ni nani katuma shilingi ngapi kwao. Hata kusali pamoja kulikufa. Si kwamba imani iliisha, kila mtu alikuwa anasali peke yake kwenye basi.

Nyumbani tungekuwa tumeshashughulikiwa zamani. Wasimamizi wa ndoa kwetu hawaishii kwenye picha na kukata keki. Baba yangu aliwahi kuhamia dukani kwake. Alibeba godoro, akalala huko kati ya magunia ya mbolea, na mama akawa anampelekea chakula kwa mkono wangu bila salamu. Msimamizi wao, mzee wa kanisa, mtu mfupi mwenye kikohozi, akaja alfajiri na mkewe. Akamtoa baba dukani, akamketisha sebuleni. Soda akaikataa. Hakuuliza kosa ni la nani. Alifungua kitabu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, akataja namba, akaanzisha. Baba ni bezi wa kwaya ya usharika tangu ujana wake. Kuna watu wanaweza kukaa kimya sauti ya kwanza ikipita, yeye hawezi. Akaingia. Mama akaimba akiangalia dirishani. Walipomaliza beti zote ndipo mzee akasema, haya, sasa semeni. Yaliyosemwa siyajui, tulifukuzwa jikoni.

Hata serikali ya Tanzania inalijua hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakutaka, kwa kawaida, upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kudai talaka mahakamani, na madhehebu yanaweza kuwa na mabaraza yao. Huku England na Wales, tangu Aprili 2022, huulizwi sababu. Unajaza fomu mtandaoni, hata usiku wa manane ukiwa na hasira, na kuanzia hapo zinahesabiwa wiki 20 kabla ya kuomba hatua inayofuata. Kwenye fomu hiyo hamna mahali pa kuandika jina la msimamizi.

Najua mtakachoniambia. Kwamba wasimamizi hao hao ndio wanaoeneza habari, ombi la Jumatano likifika Jumapili limeshakuwa umbea. Kweli. Na "vumilia mwanangu" je? Na ile Mithali 14 wanayosomewa mabinti kwenye kila kichen pati, kana kwamba nyumba inajengwa na mtu mmoja? Jirani yetu alikuwa anakuja ibadani na kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, wote tukijua kinaficha nini, naye akapangiwa mfungo. Alipangiwa yeye! Mumewe aliendelea kukusanya sadaka. Hapa, kwenye mlango wa choo cha wanawake pale ukumbini, kumebandikwa namba ya simu ya kupiga ukiwa unamwogopa mwenzako. Niliisoma mara mbili nikamfikiria yule jirani. Kwa hilo sibishani na Waingereza.

Ila kwa sisi ambao hatupigani, tumechoka tu? Mhubiri 4 na kamba yake ya nyuzi tatu husomwa kwenye harusi zetu zote, na mchungaji hueleza kwamba uzi wa tatu ni Mungu. Mama yangu huongeza kwamba Mungu naye huwa anatuma watu. Imani niliyolelewa nayo siku zote ilikuwa na mtu wa kugonga mlango. Kuambiwa niibebe na mume aliyetoka zamu ya usiku, kwa kijitabu na mshumaa, ni kazi ngeni kwangu. Ingawa, niseme ukweli, chini ya ule muziki Baba Neema aliniambia jambo kuhusu ghala ambalo asingelisema mbele ya mzee yeyote wa kanisa. Siliandiki hapa.

Tumekubaliana kurudi. Ijumaa hii mada ni familia tulikotoka, na ratiba inasema dakika 30 za mazungumzo. Baba Neema kwao Machame. Dakika 30 kwa mama mkwe wangu na ule ukoo! Salamu tu hazijaisha.