Fedha za Upatu na Kompyuta ya Mwanangu

Wengi wetu akina mama tukisikia neno "gemu" moyo hushtuka. Tunamfikiria mtoto aliyetupa daftari, au vile vibanda vya mtaani ambako vijana hukaa mpaka usiku wakilipia dakika. Hofu hiyo ina sababu zake, wala siicheki. Lakini napenda kuwashirikisha jambo lililotukuta nyumbani, hapa Dodoma, mwaka 2024, pale mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka 16, aliponiomba nimwongezee nguvu kompyuta yake ili icheze gemu vizuri.

Kijana huyu ana selimundu. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo hahitaji maelezo marefu. Baridi, kuchoka kupita kiasi na kupungukiwa maji mwilini ni mambo yanayoweza kuanzisha maumivu makali. Nasi tunaishi juu ya uwanda, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo upepo wa Juni na Julai hupenya hata blanketi. Wenzake wakienda kucheza mpira, yeye huvaa sweta na kukaa pembeni akiwashikia viatu. Kwa miaka mingi nilimwona akirudi nao, wao wakibishana juu ya mabao waliyofunga, yeye akiwa kimya. Kwa hiyo alipoomba, sikusikia ombi la starehe tu. Nilisikia mtoto anayetafuta uwanja wake.

Hata hivyo, fedha ni fedha. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, nikapokea shilingi 400,000. Baba watoto alisema waziwazi, "Mama, hela ya upatu iende kwenye mchezo? Kliniki ya mtoto je? Na dawa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikubaliana mambo mawili: nauli na dawa zitengwe kwanza, na hicho kitakachotumika kitumike kwa sababu inayoeleweka, si kwa machozi ya mtoto wala kwa maneno matamu ya muuza duka.

Kompyuta yenyewe tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini. Ilikuwa na prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nane, memori ya gigabaiti 8 katika kipande kimoja, na diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Kadi ya picha ya peke yake haikuwamo. Picha zilitengenezwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa. Tulipouliza dukani, tulishauriwa moja kwa moja tununue kadi kubwa ya picha. Bei yake peke yake ilizidi fedha zote nilizokuwa nazo.

Hapo ndipo kazi yangu ya uuguzi iliponisaidia. Wodini hatumpi mgonjwa dawa kwa sababu tu analalamika. Tunapima joto, tunahesabu mapigo, tunaandika kwenye chati, kisha ndipo daktari anaamua. Nikamwambia mwanangu, "Na hii tuipime kwanza." Kijana mmoja wa kwaya yetu, anayesoma mambo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, alimwonyesha ukurasa ulio ndani ya kompyuta yenyewe unaoonyesha kila sehemu inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Akamwekea pia programu ya bure ya kupima joto. Kwa siku tatu mwanangu aliandika kila kitu katika daftari, kama chati ya wodini.

Majibu yalinifurahisha kwa jinsi yalivyokuwa wazi. Kompyuta ilipokuwa ikiwaka au ikifungua gemu, diski ilifika asilimia 100 na kubaki hapo kwa dakika kadhaa. Memori ilijaa zaidi ya asilimia 90. Prosesa, ambayo kila mtu aliilaumu kuwa ni ya zamani, haikuvuka nusu ya uwezo wake. Sehemu ya picha ndiyo iliyochoka katikati ya gemu. Na joto lilipanda hadi nyuzi 95. Kijana wa kwaya alipofungua kifuniko, tulilikuta vumbi jekundu la Dodoma limeziba feni kama blanketi.

Akina mama, kumbukeni dripu. Hata chupa iwe kubwa namna gani, maji hupita kwa kasi ya mahali palipobanwa. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Ukinunua sehemu yenye nguvu na kuiunganisha na sehemu iliyobana, umelipia nguvu ambayo haitapita. Kwa hiyo tulipanga kufungua panapobana, tukianza na pasipo na gharama.

Jambo la kwanza halikugharimu hata senti. Gemu ilikuwa imepangwa kuonyesha nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya nukta milioni mbili kwa kila picha moja. Tukaishusha hadi 1,280 kwa 720, ambazo hazifiki hata milioni moja. Mzigo wa kutengeneza picha ukapungua kwa zaidi ya nusu. Mpira ulikuwa mpira uleule, majani tu hayakung'aa sana.

La pili lilikuwa usafi. Kompyuta ikishapata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kijana alipuliza vumbi huku akiishikilia feni isizunguke, akafuta dawa iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, ile inayopitisha joto. Tulitumia shilingi 10,000.

La tatu lilikuwa diski. Diski ya sahani inasoma kwa kuzunguka na kutafuta. Ile ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, na hutafuta mafaili kwa haraka sana. Tulinunua ya gigabaiti 480 kwa shilingi 85,000. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nne sasa huwaka kwa nusu dakika. Diski haiongezi uzuri wa picha wakati wa kucheza, lakini inaondoa kule kusubiri kulikokuwa kukimkatisha tamaa, hata katika masomo yake.

La nne lilikuwa memori. Tuliongeza kipande cha pili cha gigabaiti 8 kwa shilingi 50,000. Faida yake ni mbili. Nafasi inaongezeka, na vipande viwili vikifanya kazi pamoja njia ya kupitishia habari inapanuka. Kompyuta isiyo na kadi ya picha huazima memori hiyohiyo kutengenezea picha, kwa hiyo yenyewe hufaidika zaidi. Angalieni tu aina: memori ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Nendeni dukani na kile kipande cha zamani mkononi.

La tano lilikuwa umeme. Unapokatika ghafla na kurudi kwa kishindo, mali ya miezi mingi inaweza kupotea kwa dakika moja. Tulinunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachompa mtumiaji dakika chache za kuzima vizuri. Kilitugharimu shilingi 135,000. Mwanangu alinung'unika kidogo, maana UPS haiongezi kasi ya gemu. Nikamwambia, "Mwanangu, hata chandarua hakiongezi shibe."

Jumla ikawa shilingi 280,000. Tukabakiwa na 120,000.

Kadi ya picha je? Tuliiandika mwisho wa orodha, na sababu si bei tu. Kompyuta nyingi za ofisini zina kisanduku kidogo cha umeme ndani yake, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Chetu kilikuwa na kibandiko cha wati 240. Kadi kubwa inahitaji pawasaplai kubwa, na mara nyingi hata boksi lenyewe halitoshi kuipokea. Zipo kadi ndogo zinazotosheka na umeme wa pale zinapochomekwa, usiozidi wati 75. Aina nyingi za GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, ni za namna hiyo. Mwanangu alisema, "Mama, basi hiyo tuiwekee akiba." Tukaanza na zile 120,000.

Julai ilipofika, maumivu yakaja usiku. Alilazwa siku tano. Nauli, vipimo na chakula vikaila akiba ile yote. Siku ya tatu, alipoweza kuzungumza, alimwuliza baba yake kama hela ya kadi imekwisha. Baba yake akamwambia kweli kuwa imekwisha. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Hata hivyo inacheza vizuri, baba." Kadi hatujainunua mpaka leo, wala sijamsikia akiidai.

Sasa kila Jumamosi jioni vijana wanne huja kwetu. Huchezea mashine moja kwa zamu, wawili wawili, hawahitaji hata bando la intaneti. Nimeweka masharti: chupa ya maji iwe mezani na inywewe, kila saa moja wanainuka na kujinyoosha, na saa tatu usiku kompyuta inazimwa bila mjadala. Mwanangu ndiye anayewafunga wengine mabao. Baba watoto, aliyeuliza lile swali gumu, sasa hukaa nao na kulaumu refa.

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako lipo ombi kama hili, usilikatae kwa hasira wala usilikubali kwa huruma. Mwombe mtoto akuletee chati: ni sehemu gani inayofika asilimia 100, na lini? Uliza pia umri wa mashine kabla ya kuimwagia fedha. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache, hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine ya namna hiyo, ukiongeza kitu, ongeza kile unachoweza kukihamishia kwenye nyingine baadaye, kama diski ya SSD.

Mtoto aliyefundishwa kupima kabla ya kununua amepata kitu kitakachomfaa hata siku atakapokuwa na nyumba yake. Kupanga ni kuchagua, na kuchagua hufundishwa mezani, daftari likiwa wazi na fedha zikiwa zimehesabiwa mbele ya wote.