Kulisikiliza Ziwa

Macho ya mwanadamu ni zawadi kubwa, lakini yana mipaka yake. Hewani huweza kuona kilele cha mlima ulio mbali, bali yakielekezwa katika maji yenye matope hayaoni hata dhiraa mbili. Mvuvi wa Ziwa Turkana anaujua ukweli huu kuliko watu wengi. Mto Omo, utokao Ethiopia, hulipatia ziwa hilo sehemu kubwa kabisa ya maji yake, na pamoja na maji huleta udongo mwingi. Kwa hiyo mtu asimamaye katika mashua mbele ya Kalokol huona mawimbi na rangi yake, wala haoni kilicho chini.

Jina la kale la ziwa hilo kwa Kiturkana ni Anam Ka'alakol, na hufasiriwa kuwa ni bahari ya samaki wengi. Jina hilo lasema kuwa samaki wapo, lakini halisemi walipo. Kujua walipo ni kazi ya mvuvi. Wazee waliifanya kazi hiyo kwa kutazama ndege, kwa kunusa upepo, na kwa kukumbuka majira ya mafuriko. Leo iko njia nyingine ya kuongeza juu ya hizo, nayo ni sona ya kutafutia samaki. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi chombo hiki kisomwavyo na kurekebishwavyo, kwa sababu mafunzo yake yanafaa hata kwa mtu asiyepata kushika kasia.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1912 meli Titanic iligonga siwa la barafu na kuzama. Mjerumani Alexander Behm alitafuta namna ya kulitambua siwa la barafu kwa mwangwi wa sauti. Aligundua kuwa mwangwi hupima vema zaidi kina cha bahari, na mwaka 1913 akapata hataza ya chombo chake. Mwaka 1935 mtaalamu wa Norwei, Oscar Sund, alitangaza kuwa mwangwi ulikuwa umemwonyesha makundi ya samaki aina ya chewa wa kaskazini. Mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno, huko Japani, walitoa chombo kilichowafaa wavuvi wa kawaida.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kichwa cha chombo hufungwa chini ya mashua. Hupiga sauti ambayo sikio letu haliisikii, kisha hunyamaza na kungoja mwangwi. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 30. Basi kina ni mita 15. Samaki naye hurudisha mwangwi, hasa kwa sababu ya kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake. Kibofu hicho, ambacho wachuuzi wa sangara hukiita bondo na kukiuza kwa bei kubwa, ndicho kinachompeleleza mwenyewe kwa mvuvi.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba kioo cha chombo ni daftari. Mstari wa kuume kabisa ni wa sasa hivi. Yote yaliyo kushoto yamekwisha kupita. Mashua ipitapo juu ya samaki, samaki huanza kuwa mbali, akawa karibu, kisha akawa mbali tena. Ndiyo sababu alama yake huchorwa kama upinde. Mashua ikitia nanga na samaki akatulia chini yake, alama huwa mstari mrefu, naye ni samaki yule yule mmoja. Asiyejua hayo atahesabu urefu wa mstari kuwa ukubwa wa samaki.

Jambo la pili ni kurekebisha. Kwanza weka kina. Ziwa Turkana lina mahali penye kina cha zaidi ya mita 100, lakini Ghuba ya Ferguson, iliyo jirani na Kalokol, ni ya maji haba. Ukiacha kioo kionyeshe mita 100 hali unavua katika mita chache, habari zote zitasongamana juu kama maandishi yaliyoandikwa katika pembe ya karatasi. Pili, chagua mitetemo. Mitetemo 200,000 kwa sekunde huonyesha vitu kwa unaganaga katika maji haba. Mitetemo 50,000 hufika mbali zaidi, lakini haipambanui sana. Tatu, rekebisha usikivu. Ukiupunguza mno, samaki watapita bila kuandikwa. Ukiuzidisha, kila povu na kila takataka itajifanya samaki. Upepo mkali wa kusini-mashariki uvumapo, mawimbi huingiza mapovu majini, na sehemu ya juu ya kioo hujaa wingu. Hapo fundi hupunguza usikivu polepole, hata wingu likatoweka na mstari wa chini ukabaki.

Mstari huo wa chini una habari zake pia. Mwamba huandikwa kwa mstari mnene, na mara nyingine mwangwi wake hurudi mara mbili. Tope laini huandikwa kwa udhaifu. Lakini usikiamini chombo kabla ya kukijaribu. Chukua bildi, yaani kamba iliyofungwa kitu kizito, uishushe majini, upime kina kwa mkono wako, kisha ulinganishe na kioo. Viwili hivyo vikipatana mara kadhaa, ndipo chombo kimestahili kuaminiwa. Hali kadhalika, vyombo vingine huchora picha ndogo ya samaki kila vipatapo mwangwi wa namna fulani. Picha hiyo ni dhana ya mashine. Mvuvi aifuatao ovyo humaliza petroli yake akatupia nyavu mapovu, na jioni watoto wake hawawezi kula picha.

Siku moja nilimwonyesha mzee tuliyekuwa naye chomboni kundi kubwa lililoandikwa waziwazi katika maji haba. Alitazama kwa makini, akasema, "Kijana, chombo chako kimewasikia samaki. Sasa kiulize wana umri gani." Sikuwa na jibu, wala chombo hakikuwa nalo. Perege huzaliana na kukua katika maji haba ya ghuba ile. Kundi lile lingeweza kuwa chakula cha leo au mbegu ya mwaka ujao. Hatukutupa wavu.

Swali la mzee yule lina uzito katika Kalokol. Miaka ya 1970 samaki walivuliwa kwa wingi sana katika ghuba hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikajengwa huko kiwanda cha kugandishia samaki kwa msaada wa Norwei. Maji ya ziwa yalishuka. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 ghuba ikakauka, na kiwanda kilikuwa kimefanya kazi kwa muda mfupi tu. Baadaye maji yalirudi, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamepanda hata kufunika makazi ya watu ufukoni. Ziwa hilo hupanda na kushuka, na aliyepima neema ya miaka michache akaidhania ya milele alisoma mstari mmoja tu wa daftari.

Sona yenyewe haina hatia wala fadhila. Katika Ziwa Viktoria wataalamu wa Kenya, Uganda na Tanzania wametumia vyombo vya namna hiyo kukadiria wingi wa samaki, ili ijulikane ni kiasi gani kivuliwe. Mwangwi ule ule humwonyesha mwenye pupa pa kumaliza, na mwenye busara pa kubakiza.

Basi, ewe kijana, ukipata elimu yoyote inayokuonyesha kilichofichika kwa wenzako, jifunze kupunguza makelele, linganisha maneno ya chombo na bildi ya mkono wako, kisha jiulize swali ambalo chombo hakiwezi kulijibu. Kuona ni kazi ya mashine. Kuamua wavu utupwe au usitupwe ni kazi yako.