Barua kutoka Maryland: Wimbo Hausubiri Video

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri, barafu ikiwa bado haijakwanguliwa kwenye kioo cha gari. "Shikamoo mjomba. Wimbo upo tayari kitambo, kilichokwama ni video. Wanataka milioni tatu." Mtumaji ni kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, mtoto wa dada yake mwandishi wa barua hii, anayeimba singeli, muziki wa kasi wa uswahilini, tangu yuko kidato cha pili. Ni mara ya nne anaomba. Wimbo wenyewe una mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyeusikia nje ya chumba uliporekodiwa.

Jioni ya siku hiyohiyo mwandishi alichukuliwa na mfanyakazi mwenzake hadi ukumbi wa chini ya kanisa moja mjini Washington. Tangazo la shoo halikuwa na anwani. Liliandikwa tu, kama ilivyo ada ya watu wa muziki wa panki, kwamba anayetaka kujua mahali amuulize panki, yaani mmoja wao. Kiingilio dola 12, asiye nazo apite. Bendi tano, kila moja ikicheza kama dakika ishirini, na mwimbaji amesimama sakafuni usawa mmoja na watu. Pembeni palikuwa na meza ya plastiki, na juu yake kaseti. Ndiyo, kaseti zilezile ambazo nyumbani utepe wake ulirudishwa kwa kalamu ya biki. Dola 6 moja, nyimbo tano ndani, jalada limetolewa fotokopi na kukunjwa kwa mkono. Bendi iliyoziuza ilikuwa na umri wa miezi minne.

Miezi minne.

Nyumbani neno panki lilifika likiwa mtindo wa kunyoa: pembeni kipara, katikati mstari wa nywele kama kishungi cha jogoo, na wazazi wakafoka. Muziki wenyewe ulibaki ng'ambo. Panki ni roki iliyovuliwa mapambo yote, vikabaki gitaa, besi, ngoma na mtu anayepayuka. Hadikoo (hardcore) ni mtoto wake mwenye hasira, aliyezaliwa Marekani wakati miaka ya 1970 inaishia. Wimbo wake unaweza kwisha kabla ya dakika moja. Mbele ya bendi vijana hukimbia kwa duara wakigongana mabega, na anayeteleza huinuliwa na mikono mitatu kabla hajafika chini. Aliyewahi kusimama katikati ya vumbi la singeli uswahilini hatashangaa sana. Tena kwa kasi singeli inashinda, kwani mapigo yake hufika 200 hadi 300 kwa dakika.

Washington ni mmoja wa miji mama ya muziki huu, na kisa cha mwanzo wake kinafaa kusimuliwa taratibu. Mwaka 1980 wavulana wanne wa bendi iliyoitwa Teen Idles waliamua kuvunja kundi. Walikuwa na akiba ya shoo zao, takriban dola 600. Wangeweza kugawana kila mtu ashike njia yake. Badala yake wakazitumia kutoa santuri ndogo yenye nyimbo walizorekodi Inner Ear, studio iliyokuwa ndani ya nyumba ya fundi wake huko Arlington, Virginia. Wakatengenezesha nakala 1,000. Majalada wakayakata, wakayakunja na kuyagundisha wenyewe kwa gundi. Mpiga besi, Ian MacKaye, alikuwa na miaka 18. Kundi lilikuwa limeshakufa siku santuri inatoka, lakini lebo waliyoianzisha kwa ajili ya santuri hiyo, Dischord, ipo hadi leo. Fedha ya mauzo ikaenda kuwatolea santuri marafiki, na Dischord ikajulikana kwa kufanya kazi na bendi bila mikataba ya maandishi, kwa neno na mkono. Baadaye MacKaye akiwa na bendi ya Fugazi aling'ang'ania kiingilio cha dola 5 na mlango wazi kwa watoto wa umri wote, hata bendi ilipokuwa inajaza kumbi kubwa.

Lakini waliowafundisha wavulana hao nini maana ya kasi walikuwa weusi. Bad Brains, vijana wa Washington na vitongoji vyake, walianza kwa kupiga muziki wa jazi, wakahamia panki, wakashika Urasta, na mpaka leo ni vigumu kupata bendi ya hadikoo isiyowataja kama walimu. Albamu yao ya kwanza, mwaka 1982, ilitolewa kwa kaseti peke yake na kampuni ya New York iitwayo ROIR. Juu ya jalada radi inalipiga kuba la Bunge la Marekani. Hawakusubiri mtu awape santuri kubwa. Kaseti ilitosha kuwafikisha duniani kote.

Mti huo bado unazaa, na matunda mapya hayana haja ya kutafutwa mbali. Soul Glo wa Philadelphia, bendi yenye weusi wengi, walitoa albamu Machi 2022 na kuipa jina ambalo kila aliye ughaibuni atalielewa bila mkalimani: "Diaspora Problems". Ni kelele, ni mashairi marefu yanayomwagwa kwa pumzi moja, rapu imo ndani, tarumbeta zimo. Zulu wa Los Angeles walifuata Machi 2023 na "A New Tomorrow", albamu isiyofika nusu saa, ambamo vipande vya muziki wa soul vya zamani vimeshonwa katikati ya magitaa mazito. Hiyo ilitolewa na Flatspot, lebo ya Baltimore, mwendo wa saa moja kutoka anapoishi mwandishi. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2025 "Wrong Side of Heaven" ya End It, watoto wa Baltimore wenyewe. Na Turnstile, nao wa Baltimore, waliokulia katika shoo kama ile ya chini ya kanisa, wamekuwa wakubwa. Lakini Mei 2025, kabla albamu yao "Never Enough" haijatoka, walipiga bure katika bustani ya Wyman Park Dell jijini kwao na michango ikaenda kwa shirika linalowatibu watu wasio na makazi.

Hapo ndipo hasira ya mwandishi ilipoamka, maana huku chini ya kanisa watu wanatoa kwanza, wanajulikana baadaye. Nyumbani ni kinyume. Kijana atafute kwanza mdhamini, meneja, madansa, gari la kukodi la kusimama nalo kwenye video, fungu la kumpoza mtangazaji ili wimbo upigwe, na kiki ya kutosha wiki mbili. Vyote vikipatikana, ndipo wimbo utoke. Visipopatikana, unaozea kwenye simu, na simu ikiibwa Kariakoo umekwenda nayo. Vipaji vingapi vimezikwa hivyo?

Kinachouma ni kwamba haya si mageni kwetu. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yalikuwa yakirekodi na kunakili kaseti za taarabu, na pwani nzima ikasikiliza. Dar es Salaam, watu wa mchiriku walichukua kinanda kidogo cha Casio, wakapitishia sauti kwenye spika ya tarumbeta, wakatikisa mitaa ambayo redio haikutaka kuisikia. Jagwa Music, kundi la mchiriku, walipotolewa albamu na kampuni ya Ubelgiji mwaka 2012, waliwapelekea Wazungu kile ambacho nyumbani kiliitwa muziki wa wahuni. Singeli nayo ilitungiwa vyumbani Tandale, Manzese na Mburahati. Mkusanyiko wa kwanza wa studio ya Sisso, mojawapo ya vyumba hivyo, kusikika sana nje ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Nyumbani palikuwa na kila kitu isipokuwa heshima kwa kitu chetu wenyewe.

Nairobi wameanza kuamka, na wapewe haki yao. Wawili waliojiita Duma, kwa maana ya giza kwa Kikikuyu na si mnyama wa mbugani, walitoa albamu ya vurugu tupu mwaka 2020 kupitia lebo hiyohiyo ya Kampala. Mmoja wao, Lord Spikeheart, alianzisha lebo yake mwenyewe, Haekalu, na mwaka 2024 akatoa "The Adept", akimuenzi bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Crystal Axis, bendi ya panki, nao wameimba kwa jina kuhusu jengo la Nyayo House na mateso yaliyofanyika humo. Hakuna aliyewaruhusu. Waliingia kazini.

Kwa kijana wa Mbagala, na kwa wenzake wa Kawangware, Kisauni na Goma, yafuatayo yamechumwa mezani pale penye kaseti. Nyimbo nne au tano zinatosha, na zirekodiwe siku moja au mbili ili joto lisipoe. Simu nzuri iliyowekwa mahali sahihi chumbani ni afadhali kuliko studio ya kukopa. Wasanii watatu wasiofahamika wakialikana shoo moja, kila mmoja akaleta watu wake ishirini, tayari ni ukumbi. Kiingilio kiwe bei ya soda na chipsi, na watoto wa shule waruhusiwe mchana bila pombe. Faili za asili zihifadhiwe sehemu mbili, na jina la mtunzi liandikwe mapema, kabla ya ugomvi. Mtu asitie saini karatasi inayochukua nyimbo zake za miaka kumi ijayo kwa ajili ya video moja. Sehemu ya duka la mtandaoni la Bandcamp ni asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, na tangu Machi 2020 lina Ijumaa maalumu ambazo halichukui sehemu hiyo. Kwa walio Kenya, PayPal, ambako fedha hiyo huingia, imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018. Mwisho wa shoo, mgao ufanyike papo hapo, mbele ya wote, na fundi wa spika alipwe wa kwanza.

Wazazi nao wasijitoe. Mama aliyekuwa akitumwa kaseti ya taarabu kutoka Unguja ikiwa na jina lililoandikwa kwa kalamu anajua vizuri kwamba mwandiko ule haukumpunguzia utamu. Kwa nini leo mwanawe aambiwe kwamba bila picha za helikopta hajawa msanii?

Ujumbe wa alfajiri umejibiwa. Milioni tatu haziji. Shangazi anayesafiri mwezi wa tatu amekubali kubeba kinasa sauti kidogo cha mitumba chenye maikrofoni mbili, nyaya zake, na kaseti moja ya dola 6 kutoka chini ya kanisa. Mpwa amepewa hadi Pasaka atoe nyimbo nne, hata kama majalada atayakata kwenye boksi la sabuni. Mjomba atanunua nakala ya kwanza kwa bei kamili, na anawaomba wasomaji wa Mbagala wanunue ya pili.