Chakula cha Wahindi na Wali wa Nyangwe

Wako kwetu watu wanaodhani kwamba chakula cha Wahindi ni pilipili tupu, na kwamba mtu wa Maniema akikaa mezani pao ataondoka na njaa yake. Sisi pia tulikuwa tumesikia maneno hayo. Basi tulipofika Dar es Salaam, watu watatu wa Nyangwe, kumsindikiza ndugu yetu aliyekwenda kutibiwa macho, ikatukuta Ijumaa ya Kwaresima. Nyama hatuli, na samaki wa mjini ni ghali. Kijana mmoja akatuambia: "Wazee wangu, nendeni Kisutu. Huko wako Wahindi wenye hoteli ambazo nyama haipikwi hata siku moja."

Tukaenda. Tukaletewa kila mtu sinia yake ya chuma, na ndani yake vibakuli vidogo vidogo: dengu za rojo, viazi vya bizari, mtindi, achari ya ndimu kali ajabu, na kando chapati za moto na wali mweupe. Tulipokuwa tukitafuta kijiko, tukamwona mzee wa Kihindi meza ya pili amekwisha kunawa, anakula kwa mkono wa kuume, anachanganya wali na dengu kwa ncha za vidole, kama tulivyofundishwa na babu zetu. Tukanawa nasi.

Wasomaji wapenzi, tulishangaa kuona jinsi chakula kile kilivyotufahamu. Wali twaujua tangu utoto. Pilau twaletewa na jirani zetu Waislamu siku ya Idi, nasi twawapelekea sahani yao siku ya Noeli. Hata majina, chapati, achari, pilau, yalivuka bahari kutoka Bara Hindi na Uajemi pamoja na vyakula vyenyewe. Kusema kweli tulitamani sombe na mawese kidogo. Na ule mtindi baridi juu ya wali hatukuuelewa. Mmoja wetu aliusukuma pembeni kwa adabu.

Tukaanza kuulizana: wali huu ulifikaje Nyangwe? Safari yetu ilipita Kasongo, Kabambare na Fizi, kisha ziwani mpaka Kigoma, na kutoka huko gari la moshi. Ni karibu njia ile ile ya misafara ya zamani, ila wao walitoka pwani kwa miguu mpaka Ujiji, wakavuka ziwa kwa mashua, wakaja kujenga kwetu katika miaka ya 1860. Wafanya biashara hao wa Unguja na pwani walikuja na mpunga. Askari wa Dhanis walipoingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili, waliyakuta mashamba makubwa, yenye mpunga na miwa, na miti ya maembe na mapera. Wakubwa wakaondoka, mpunga ukabaki.

Lakini nani aliyelima? Hapo mazungumzo yetu yakapoa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara hao walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe, soko la akina mama. Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake. Wauaji wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama katika Lualaba. Na mashamba yale yalilimwa na mateka. Mmoja wetu, ambaye mama wa baba yake alizaliwa na mwanamke aliyeletwa Nyangwe katika minyororo, alinyamaza kidogo, mkono juu ya sinia. Kisha akasema, "Mpunga haukumfunga mtu. Na mikono iliyoupanda ilikuwa yetu." Akaendelea kula.

Tukamwuliza kijana aliyetuhudumia, mchele huu umetoka wapi. "Kyela, wazee wangu," akajibu kwa majivuno. Kyela iko kule kwenye ncha ya Ziwa Nyasa, safari ya kilomita zinazokaribia 1,000. Lori hupita juu ya lami, na mchele hufika.

Neno hilo lilituuma kuliko pilipili. Maniema ni nchi ya mpunga, kila mtu wa Kongo ajua. Lakini mtu wa Kinshasa au Bukavu akipika wali, mara nyingi anafungua gunia lililokuja kwa meli kutoka Asia. Mchele huo si mbaya. Umepata njia tu. Wa kwetu hutoka Kasongo juu ya baisikeli, kijana akiusukuma siku nyingi msituni, matope mpaka magotini, na masika yakikaza hausafiri kabisa. Ndiyo maana mama aliyevuna humwuzia mchuuzi yeyote anayefika mlangoni, kwa bei aipendayo mchuuzi, kwa kuwa ada ya shule haingoji.

Tulimwambia yule kijana kwamba wa Nyangwe ni mtamu zaidi. Akacheka, "Basi leteni, tuuonje!" Tuulete kwa njia gani?

Tulinunua chupa moja ya achari, tukarudi nayo nyumbani. Wake zetu waliila na sombe, ikakwisha kwa siku tatu. Ndimu kwetu ni nyingi, zaoza chini ya miti, na jirani yetu mmoja amekwisha kuzitia chumvi na pilipili katika mtungi, akauanika juani. Bado hajaturuhusu kufunua.