Pombe ya Asali katika Nchi ya Kitui na Makueni

Mtu asafiriye kutoka mji wa Kitui kwenda kusini kwa njia ya Mutomo na Ikutha, hata avuke mto Athi na kufika Kibwezi katika Makueni, hupita nchi kavu yenye migunga na mibuyu. Akiinua macho ataona magogo yaliyotobolewa ndani, yametundikwa matawini. Hiyo ndiyo mizinga ya nyuki. Mgeni huona nyika tupu. Mwenyeji huona ghala lake.

Nilipita njia hiyo kwa kazi ya serikali, nikakaribishwa jioni nyumbani kwa mzee mmoja karibu na Mutomo. Tuliandaliwa muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa hata maganda yakatoka, yakapikwa na mbaazi. Tena nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kando ya chakula kiliwekwa kibuyu cha pombe ya asali. Kwa Kikamba pombe huitwa uki.

Pombe hii haina siri kubwa. Asali huchanganywa na maji, kisha hutiwa tunda la mvungunya, mti ambao Wakamba huuita muatini. Tunda hilo haliliwi bichi; hupasuliwa, hutayarishwa na kukaushwa, nalo hushika hamira ichachushayo pombe. Kibuyu huwekwa mahali pa joto hata pombe iive, na tunda likikaushwa hufaa kutumiwa tena. Zamani kinywaji hiki kilikuwa cha wazee: kilinywewa katika mashauri na katika mapatano ya mahari, na kwanza kilimwagwa kidogo chini kwa ajili ya wahenga.

Nilipoonja, niliona utamu wake si mwingi, na uchachu wake ulikata mafuta ya nyama vizuri. Nikamwambia mzee kwamba huko Ufaransa watu wa kawaida nao huweka mezani mvinyo mwekundu wa bei nafuu, si kwa ajili ya sherehe, bali kusindikiza chakula cha kila siku.

Mzee akacheka, akasema, “Basi, mwanangu, hao ni wazee wenzetu. Lakini niambie, mizabibu yao wameichoma makaa?”

Nikajibu, “La, mzee, huitunza sana.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Sisi yetu tumeichoma.”

Ndipo akanieleza kwamba katika mizinga ishirini aliyoachiwa na baba yake, mwaka ule minane tu ndiyo iliyoingiwa na nyuki. Zamani pombe hii haikumgharimu kitu ila jasho la kupanda mtini. Sasa asali imekuwa adimu na yenye thamani, naye huiuza apate karo za wajukuu. Kile kibuyu alikitengeneza kwa asali aliyoibakiza. Majirani zake wengi hutia sukari ya dukani, na kinywaji kikabaki na jina bila ladha yake.

Maneno yake si malalamiko ya mzee mmoja tu. Mnamo Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, wakati wa Gavana Charity Ngilu, ilikataza makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti, kwa kuwa miti ilikuwa ikiisha na mito ikiharibika. Watu wengi walinung’unika, maana makaa huleta fedha upesi. Lakini mgunga ukatwao huuzwa mara moja tu, na mgunga uliosimama huwapa nyuki maua mwaka baada ya mwaka.

Ndugu wasomaji, sisemi watu wanywe kupita kiasi. Mzee mwenyewe alikunywa kikombe kimoja, akafunika kibuyu. Nasema hivi: kinywaji kizuri cha bei nafuu hakianzii dukani, huanzia mtini. Anayetaka kuwakaribisha wajukuu wake kwa uki wa kweli, na autunze mti leo.