Bunduki iliyokwama, na keshia niliyemlaumu bure

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Leo narudi na ungamo, na ndani yake mna habari ya bunduki. Vumilieni.

Niliandikia duka moja programu ya mauzo. Baadaye nikabadilisha maktaba ya kodi inayotuma mauzo kwenye seva, kwa kuwa hii mpya ilikuwa na kasi zaidi. Niliijaribu ofisini, ikaenda sawasawa. Siku chache baadaye mwenye duka akanipigia simu: kila jioni, droo ya keshia mmoja inapungukiwa pesa. Bila hata kufungua logi nikamjibu, "Huyo dada anabonyeza mara mbili." Dada akaanza kukatwa mshahara.

Sasa, mimi hupenda kusoma jinsi mitambo inavyoharibika, na wiki hiyo nilikuwa nasoma kuhusu M16. Mwaka 1966 na 1967, wanajeshi wa Marekani huko Vietnam walilalamika kwamba bunduki hiyo inakwama katikati ya mapigano. Ganda tupu la risasi linang'ang'ania kwenye chemba, halitoki. Askari inambidi apitishe ufito wa kusafishia kutoka mdomo wa mtutu ili alisukume nje, huku adui anamfyatulia. Wakalaumiwa wao: hamsafishi bunduki!

Kamati ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ilichunguza, ikatoa ripoti Oktoba 1967. Kumbe baruti ilikuwa imebadilishwa. Ile mpya iliacha uchafu zaidi na kuzidisha kasi ya ufyatuaji. Chemba haikuwa na kromi, kwa hiyo unyevu wa Vietnam uliila kwa kutu. Vifaa vya kusafishia navyo vilikuwa haba. Lakini lililonichoma ni hili: kiwandani, bunduki ziliruhusiwa kujaribiwa kwa baruti ya zamani, wakati vitani zilitumia mpya.

Hapo nikaacha kusoma. Ofisini nina faiba. Duka lile linatumia modemu ya laini ya simu.

Nikaishusha kasi ya mtandao wangu makusudi, nikauza sukari ya uongo. Maktaba mpya ikangoja jibu sekunde tano, ikaona kimya, ikatuma tena. Mauzo yaleyale yakaandikwa mara mbili. Nilikuwa nimebonyeza mara moja tu.

Marekebisho yalikuwa madogo: kila mauzo yapewe namba yake, na seva ikiiona tena iikatae. M16 nayo ilirekebishwa: chemba ikatiwa kromi, bafa ikabadilishwa, vifaa vya usafi vikagawiwa, na mwaka 1968 jeshi likatoa kijitabu cha katuni, mchoraji akiwa Will Eisner, cha kufundisha utunzaji. Usafi ulihitajika kweli. Ila haukuwa chanzo.

Nilienda dukani mwenyewe. Tukamrudishia dada pesa zake zote, nusu zikitoka mfukoni mwangu. Nikamwomba msamaha mbele ya mwajiri wake, kwa sababu mbele yake ndipo nilipomchafulia jina. Akazihesabu noti, kisha akauliza, "Kwani hukuweza kuangalia kwanza?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi modemu kama ile ya dukani iko mezani pangu, na hakuna toleo linalotoka kabla ya kupita humo.